Sale Iliyoletwa Kabla ya Kosa

Mtoto aliyepakwa mafuta hashikiki. Anzeni hapo. Mengine niliyojifunza katika kazi hii yanaweza kusubiri, lakini hilo haliwezi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaochukua kazi ya kuandaa watoto kwa kambi ya mashua za tanga. Nilikuwa matroni wa shule ya msingi hapa Moshi, na kila likizo ya mwezi wa sita niliwaandaa watoto waliokwenda kushinda bwawani kujifunza kuendesha vimashua vya tanga. Asubuhi wanateremka, jioni wanapanda. Watu wakisikia nimestaafu kazi inayohusu mashua, na kwamba nyumba yangu iko migombani mlimani, hunitazama kwa huruma. Nimeshazoea.

Turudi kwenye mafuta. Mama wa huku kwetu hawezi kumtoa mtoto nyumbani akiwa amepauka. Mtoto akipauka anayesemwa ni mama, na atasemwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo asubuhi ya kambi ya kwanza, mama wa kila mtoto alichukua kopo la mafuta ya mgando akampaka wa kwake kuanzia paji la uso hadi kisigino, halafu akarudia magoti. Waliposhuka garini kule bwawani waling'aa kama viatu vya Jumapili. Wa kwanza aliketi ukingoni mwa mashua akateleza, akatokea upande wa pili, majini. Mwalimu Magesa, aliyewafundisha mashua, akamshika mkono ili amvute. Mkono ukachomoka. Akashika mguu, nao ukachomoka. Mwishowe akamvuta kwa jaketi okozi, ile fulana nene inayomwelesha mtu. Jaketi halikuwa limepakwa mafuta, ingawa nina hakika kuna mama aliyelifikiria hilo.

Tangu siku hiyo nilitembea na kipande cha sabuni ya mche mfukoni. Mtoto akishuka garini namgusa shavu kama ninayembembeleza. Kidole kikiteleza, anakwenda kusuguliwa mchanga na sabuni mikono na miguu. Wanalia kidogo. Waacheni walie. Mkono mkavu ndio unaoshika usukani.

Mwalimu Magesa ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwani, amekua ndani ya mashua, na alikuwa na maneno machache kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Alipofika huku mara ya kwanza nilimpandisha mlimani kuonana na wazazi. Ilikuwa mwezi wa sita, ukungu umekaa juu ya migomba, na yeye alikuja na shati la mikono mifupi. Tulipofika nyumba ya pili alikuwa amejifunga blanketi la watu. Akatazama ule mteremko, nyumba zimeshikilia juu na nyingine zimeshikilia chini, akaniuliza, "Matroni, hawa watu wanaishi ukutani?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na mpira wa watoto ukidondoka?"

"Wanaufuata mpaka mjini."

Akatikisa kichwa. Lakini alikuwa wa kwanza kuona kwamba watoto wa ukutani wanajua mambo ambayo watoto wa kisiwani kwake walifundishwa kwa fimbo. Mtoto anayebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani huku anashuka njia ya utelezi hahitaji kufundishwa mahali pa kuweka uzito wake. Wanaofunga mbuzi kila siku wanajua kwamba fundo baya ni mbuzi aliyeko kwa jirani. Na upepo wanaujua. Ukiwauliza watakwambia asubuhi unashuka kutoka mlimani, mchana unapanda, na katikati yake kuna kipindi haujui unakwenda wapi. Mwalimu Magesa aliwauliza wamejuaje. Wakasema moshi wa jikoni. Asubuhi unawaingia jirani wa chini, mchana unawaingia jirani wa juu, kwa hiyo hakuna anayeweza kulalamika.

Kwa chakula, waombeni wazazi wasifungashe kiburu. Sisemi kiburu ni kibaya. Ndizi zilizopondwa na maharage, na magadi kidogo, nikipewa sasa hivi nitaacha kuandika. Lakini si chakula cha mashua. Kuna mwaka tulimwona mtoto anazunguka katikati ya bwawa, polepole, kwa adabu, bila kwenda popote. Mwalimu Magesa akachukua mtumbwi akamfuata, akarudi peke yake.

"Amelala," akasema.

"Amekula kiburu."

"Basi mwache."

Sweta nazo mtazikuta. Mtoto wa mlimani anaondoka alfajiri na sweta mbili na kofia ya kufunika masikio, anafika Chekereni kwenye mashamba ya mpunga jua limeshawaka, na gari zima linaanza kuvua. Jioni unabaki na rundo la sweta za rangi moja, za shule moja, na kila mtoto anaapa hii si yangu, yangu haikuwa na tundu. Shoneni alama kwa uzi kwenye kola. Msiandike kwa kalamu. Kalamu hufutika lakini ubishi unabaki.

Siku hizi mna kundi la WhatsApp la wazazi. Wakati naanza tangazo lilitolewa kanisani baada ya misa, na aliyekuwa na swali alilibeba mpaka Jumapili iliyofuata, na maswali mengi yalikufa njiani. Sasa hayafi. Mzazi anauliza kama watoto watapewa chai, anajibiwa, halafu wengine wote wanauliza kama watoto watapewa chai. Wajibuni wote. Hawaulizi chai. Wanauliza kama mtoto wao atarudi, na hawataki kuliandika hivyo.

Mama mmoja mzee wa Kibosho alilisema wazi, na ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake.

Jina lake Bibi Anastazia. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Ndeshi, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi Dar. Ndeshi alikuwa na miaka kumi, mwembamba, na macho ya mtu anayesubiri wakubwa wamalize kuongea ili afanye alichokwisha kuamua. Alikuja kwenye mazoezi yetu ya kuogelea pale Soweto, mtaa wa hapa mjini, kwenye bwawa dogo la nyumba ya wageni, na Bibi hakuwa na neno. Alikuja mwenyewe siku moja akalitazama. Lilikuwa na vigae vya bluu. Akasema, "Hili beseni. Chini naona." Akarudi zake.

Pale kwenye beseni, Mwalimu Magesa hakuwafundisha watoto kuendesha chochote. Aliwafundisha kuanguka. Alisema mtoto akijua kuanguka, kuendesha atajifundisha mwenyewe. Tulikuwa na turubai kuukuu lililoshonwa kwa vipande. Tunalitandaza juu ya maji, mtoto anapiga mbizi na kuibukia chini yake, kwenye giza, kama itakavyokuwa mashua ikipinduka na tanga likamfunika. Pale kila mtu hutaka kupiga kelele. Mwalimu aliwaambia wasipige. Inua kiganja, sukuma turubai juu, utapata nafasi ya hewa. Vuta pumzi. Halafu tafuta mshono kwa vidole, ufuate huo huo, usiuache, mpaka ufike ukingoni. "Mshono hauna kona," alisema. Hiyo kwake ilikuwa hotuba.

Watoto wengi walifanya zoezi lile mara moja wakaomba kwenda kujisaidia. Ndeshi alilifanya, akatoka, akarudi kwenye mstari akajipanga tena.

Sasa ikabaki ruhusa ya kwenda bwawani kwenyewe, lile kubwa la kumwagilia, kule tambarare. Nilipanda Kibosho kwa Bibi Anastazia. Akanikaribisha, akanipa mtori, supu yetu ya ndizi, akaningoja nimalize. Mtu wa kwetu hakunyimi kitu ukiwa na njaa, anakushibisha kwanza.

"Huko kuna mamba?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni bwawa la shamba, wanalikausha na kulisafisha."

"Kiboko?"

"Hakuna."

"Kuna nini basi?"

"Maji tu."

"Hayo maji ndiyo nayaogopa, mae."

Akanieleza. Alikuwa na mtoto wa kiume, Valeriani, kaka yake mama Ndeshi. Kwenye mfongo wao, ule mfereji wa zamani unaoleta maji mashambani kutoka juu, palikuwa na lambo dogo la kukusanyia maji usiku ili mchana yawatoshe wote. Valeriani alifuata mpira. Lambo lenyewe lilikuwa la kumfika mtu mzima kifuani. Bibi alisimulia hayo akimenya ndizi, na hakusimamisha kisu. Tangu siku ile hakuna mtoto wa nyumba yake aliyeingia kwenye maji ambayo chini yake haionekani.

Sikubishana naye. Hata ninyi msibishane na mtu aliyezika. Nikamwambia nimeelewa, aika mae, asante mama, nikashuka.

Jumamosi ya mwisho ya mazoezi nilimrudisha Ndeshi kwao mwenyewe, maana nilitaka kumuaga kwa heshima. Kambi ilikuwa Jumatatu na yeye hakuwemo. Tulipofika mpakani mwa kihamba chao, shamba la migomba la nyumbani, pale penye mstari wa masale, akasimama akachuma jani moja. Nikadhani ni mchezo. Akawa analikunja njiani huku anatembea, mimi nikiwa mbele nikitafuta maneno ya kumfariji.

Kama kuna kati yenu aliyekulia mbali na mlima huu, sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mchagga aliyekosa akitaka kusamehewa, hulifunga jani lake fundo akampelekea aliyemkosea. Na aliyeletewa sale hakatai. Kuna watu waliogombana kwa mashamba na kwa damu, na sale ilipofika waliketi wakanywa mbege, pombe ya ndizi, pamoja. Wengine walikunywa wakiwa wamenuna, lakini walikunywa.

Bibi alikuwa uani akikatia ng'ombe majani. Ndeshi akamwamkia, akapiga goti, akamnyoshea lile jani kwa mikono miwili. Lilikuwa na fundo, na fundo lenyewe nililitambua. Lilikuwa fundo la nane, lenye umbo la tarakimu hiyo, lile la Mwalimu Magesa, la kwenye ncha ya kamba ya tanga.

Bibi akaweka panga chini. "Umefanya nini?"

"Bado sijafanya, bibi."

"Hujafanya nini?"

"Kwenda bwawani. Nakuomba msamaha kwa kuwa nitaenda."

Ng'ombe alikuwa akitafuna, naye akaacha, au mimi niliacha kumsikia. Nimekaa na wazee tangu nikiwa mdogo, na nimeona sale ikipelekwa kwa mengi, lakini sijawahi kuona ikipelekwa kabla ya kosa. Bibi Anastazia naye hakuwahi. Niliona anatafuta mahali pa kutokea. Kukataa hawezi, maana ni sale. Na kusema hakuna kosa hawezi, maana kosa ni yeye mwenyewe aliyelikataza.

Akanigeukia. "Ni wewe umemfundisha haya?"

"Mimi nafundisha kunawa mafuta, mama. Mafundo ni mwalimu mwingine."

"Na huyo mwalimu ni Mchagga?"

"Mtu wa Ukerewe."

"Basi si yeye." Akamtazama mjukuu wake muda mrefu. Sikujua kama atamchapa au atacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Mwisho akalipokea lile jani. "Haya. Nimekusamehe. Nenda ukalifanye hilo kosa lako. Halafu urudi hapa kwa miguu yako mwenyewe."

"Ndiyo, bibi."

"Nimesema kwa miguu yako." Hapo alikuwa hamtazami Ndeshi tena. Alikuwa ananitazama mimi. "Sitapokea sale kutoka kwa mtu mwingine."

Nilishuka ule mteremko na maneno hayo. Nimewahi kusaini karatasi nyingi za dhamana ya watoto na zote nililala nazo vizuri. Usiku ule sikulala.

Jumatatu ikafika. Nikawagusa mashavu wote, nikasugua waliohitaji kusuguliwa. Ndeshi alikuwa mkavu. Bibi yake alikuwa amesikia habari ya mafuta. Mwenzake katika mashua, mvulana mmoja wa Soweto aitwaye Kelvini, naye alikuwa mkavu. Asubuhi ikapita vizuri mno. Tukala. Na sikujua kwamba mama yake Kelvini alikuwa ameweka kopo dogo la mafuta ndani ya begi, chini ya taulo, na kumwambia mtoto kwamba akishatoka majini ajipake upya asije akapauka mbele za watu. Kelvini alikuwa mtoto mtiifu.

Mchana upepo ukageuka, kama watoto walivyosema, ukaanza kupanda kuelekea mlimani. Mashua zilikuwa zinarudi, upepo ukizisukuma kutoka nyuma, na Kelvini ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Nikamwona anaushika, anaushika tena, anaufuta mkono kwenye kaptula. Halafu usukani ukamponyoka. Mashua ikageuka kwa ghafla, tanga likavuka upande wa pili kwa kishindo, na vyote viwili, mashua na tanga, vikalala majini.

Kichwa kimoja kikaibuka. Kilikuwa cha Kelvini, kinang'aa.

Mwalimu Magesa alikuwa ameshaanza kupiga kasia. Mimi nilikuwa ukingoni, maji yamenifika magotini na viatu vyangu viko miguuni, sijui niliingiaje. Tanga lilikuwa limetandazika juu ya maji, jeupe, limetulia. Nikaomba kwa Kichagga, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kutafuta maneno ya lugha nyingine. Nikaona uso wa yule mama uani, na lile panga chini, na jani mkononi mwake. Nikajua kwamba nikipanda Kibosho bila Ndeshi, hakuna kitu duniani nitakachoweza kukibeba mkononi.

Kisha katikati ya tanga pakainuka kivimbe. Kidogo, cha ukubwa wa kiganja. Kikakaa pale. Kikaanza kusogea, taratibu, kwa mstari ulionyooka, kinafuata mshono. Kilikuwa na mwendo wa mtu anayetoka kupokea komunyo. Kikafika ukingoni, na kichwa cha Ndeshi kikatokea pale pale, kinatema maji.

Akatafuta ukingoni mpaka akaniona. "Matroni, nimeanguka vizuri?"

Mwalimu Magesa ndiye aliyemjibu. Alisema, "Vizuri." Halafu akageuka upande wa mlima akakaa hivyo kidogo, akichunguza kitu ambacho mimi sikukiona.

Jioni gari lilitushusha barabarani, tukapanda kwa miguu. Ndeshi alikuwa mbele. Alikuwa amechoka na nilitaka kumbeba begi, akakataa, akasema bibi ameagiza miguu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Bibi Anastazia alikuwa amesimama pale pale mpakani, kwenye masale, na kwa jinsi majani yalivyokanyagwa alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Lile jani la fundo la nane alikuwa nalo mkononi, limeshalegea kwa kushikwa.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ulianguka?"

"Nilianguka."

"Chini ulikuona?"

"Hapana. Kulikuwa na giza. Nilifuata mshono."

Bibi hakuuliza mshono gani. Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza huku na huku kama anayekagua kabichi sokoni, akakiachia. Halafu akaingiza mkono kwenye kanga yake kiunoni, akatoa jani jingine la sale. Hilo lilikuwa la leo, bichi, limefungwa fundo letu la kawaida. Akalileta kwangu. Mama aliyenizidi umri kwa mbali, akainama kidogo, akaninyoshea kwa mikono miwili.

"Tangu asubuhi nimekusema vibaya, mae," akasema. "Moyoni. Na Mungu nimemwambia. Usiniulize nilimwambia nini."

Sikumuuliza. Sale haikataliwi. Nikaipokea kwa mikono miwili, na machozi niliyoyazuia tangu mchana yakatoka yote, mbele ya mtoto, mbele ya ng'ombe, sikujali.

Bibi Anastazia akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia Ndeshi.

"Wewe. Baridi hii. Kavae sweta."

Ndeshi akaenda, kwa miguu yake.